Susu hakuwa mpole

Tulimzika Susu, nyanya yangu mzaa mama, kule Mwala, Machakos, mwezi jana na tangu turudi Nairobi nimekuwa nikisema lazima niandike kitu, juu ule wasifu uliosomwa siku hiyo, jamani, haukuwa wake. Uliandikwa ati alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, hakuwahi kugombana na mtu. Emsii alipofika kwa hiyo laini ya hakuwahi kugombana na mtu Babu akacheka. Alikuwa ameketi mbele kabisa, karibu na maiki, hema nzima ikasikia. Mamangu akainamisha kichwa nikadhani analia, kumbe hata yeye amebanwa na kicheko.

Susu aligombana na watu bwana. Aligombana na makanga, na askari wa kanjo, na pasta mmoja aliyehubiri mpaka saa tisa na watu hawajakula. Na waliokuja kumlilia zaidi, wale mama wa soko la Gikomba waliokodi matatu mzima waje Mwala, ni walewale alikuwa anagombana nao kila siku.

Kitu nimegundua kwa hii matanga ni kwamba kila mtu nyumbani anaomboleza mtu wake tofauti. Mke wa Babu si mama aliyemlea mamangu, na huyo mama si Susu wangu, ukituketisha tusimulie unaweza dhani ni wanawake watatu.

Wa Babu ni huyu. Babu alikuwa fayaman wa reli, yule wa kuchochea moto wa injini, zile enzi za treni za mvuke, zile Garratt kubwa za namba 59 zilizokuwa zinavuta mizigo kutoka Mombasa. Moja bado iko pale makumbusho ya reli, inaitwa Mount Gelai, nenda uione, ni refu mpaka unashangaa ilikuwa inakata kona aje. (Tukiwa wadogo Babu alikuwanga anatupeleka huko na anaieleza mpaka unatamani kulala, ati hizi hazikula makaa, zilichoma mafuta.) Walikaa Makongeni, nyumba za reli. Sasa Babu akienda Mombasa anarudi na zawadi, nazi, ukwaju, maembe, samaki wa kukaushwa, anamwekea mkewe kwa meza halafu analala juu amekesha njiani. Akiamka hakuna kitu mezani. Susu ameshazunguka ploti yote, ameuza. Ati mara ya kwanza Babu alikasirika, mara ya pili akauliza nazi ni ngapi zinatakikana. Hapo ndipo biashara ilianzia, kwa zawadi za mapenzi!

Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, reli ikagawanywa nchi tatu, na pale Makongeni hakuna aliyejua nani atabaki na kazi. Babu alibaki, akahesabiwa upande wa Kenya Railways. Lakini Susu alikuwa ameshaamua hatalala tena akingoja mshahara wa mtu mwingine, hata kama huyo mtu anampenda, akaenda Gikomba akaanza kuuza nafaka. Babu anasema hakuombwa ruhusa, aliambiwa tu chakula cha mchana kiko kwa sufuria.

Sasa mama aliyelea mamangu na ndugu zake ni huyo wa Gikomba, na enyewe huyo hakuwa mchezo. Saa kumi na moja asubuhi ameshatoka. Mamangu ndiye alikuwa anachambua maharagwe usiku, anatoa mawe, kwa mwanga wa koroboi juu stima ilikuwa inakatwa, na ukiacha jiwe moja likapatikana na kastoma, wewe na Susu mtaongea. Ile njaa ya 1984 ukame ulipopiga nchi na watu wakala unga wa manjano kutoka ng'ambo, anko yangu mkubwa anakumbuka walikuwa na magunia ya ndengu ndani ya nyumba, wanalala juu yake, na bado Susu anawapimia chakula cha jioni kwa kikombe. Hizo ndengu zilikuwa karo. Huyo anko ndiye alifanya KCPE ya kwanza kabisa, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, 1985, mwaka mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza, akapita, na siku ya kuripoti sekondari karo ilikuwa kamili, noti zimefungwa kwa leso. Anasema kumbatio hakupata. Alipata noti.

Ndiyo maana mamangu alikuwanga anashangaa sana akituona sisi wajukuu. Susu wangu mimi ni yule aliyekuwa ananipea sukari guru kabla ya chakula, ananiambia nimalize kabla mama yako atoke bafuni. Yule wa "mwacheni mtoto." Mamangu anasimama mlangoni anasema huyu si mama alinilea mimi, huyu mtoto wamemletea mwingine.

Alinifundisha kupika muthokoi kwa jiko la makaa, unaloweka mahindi yaliyokobolewa usiku, asubuhi unaweka na mbaazi, halafu unangoja. Magadi hakutaka kabisa. Watu wanaweka magadi juu ya haraka, alisema, halafu wanakula sabuni. Ukifunua sufuria kabla ya wakati anakupiga mkono na mwiko, polepole lakini anakupiga.

Na alinifundisha gorogoro. Wenye mnanunua nafaka mnajua, ule mkebe wa kilo mbili hivi, sasa kuna watu wanaponda kitako kiingie ndani ndiyo ibebe kidogo, kwa macho huwezi jua. Susu akipimia kastoma mgeni kwanza aligeuza mkebe chini juu, anakuonyesha kitako, anakigonga na kidole, ndiyo anachota. Anachota mpaka inamwagika, hapangusi na mkono, halafu anaongeza kiganja kimoja cha nyongeza. Huku anakutukana ukijaribu kupunguza bei. Hizo mbili zilikuwa zinakuja pamoja, nyongeza na matusi.

Ugonjwa siongei sana. Ni presha na sukari, miaka mingi, halafu figo, na wiki za mwisho alikuwa analala tu. Bado alikuwa anauliza maharagwe ya wairimu yanauzwa ngapi.

Baada ya mazishi wale mama wa chama, kile cha kuchangiana pesa kwa zamu, walikuja nyumbani na kitabu. Susu alikuwa mwekahazina, kitabu amekiandika mwenyewe kwa ile penseli yake fupi, hesabu haina kasoro hata ya shilingi, na kwa orodha zamu ya kupokea ilikuwa imemfikia yeye. Wakauliza pesa waipee nani. Hapo ndugu wakaanza. Mamangu anataka iwekwe kwa kaburi, saruji na jiwe la jina, anko anasema iende bili ya hospitali, anti mdogo anasema hiyo ni pesa ya biashara inunue stoki. Wamegombana mpaka usiku, sauti juu, na Babu amekaa hapo kwa kochi na chai yake ameridhika kabisa, ni kama anasikiliza redio.

Anti ndiye alishinda. Kibanda kimefunguliwa, kiko palepale kwa nafaka, wairimu iko, nyayo iko, rosekoko iko, pojo inakuja Alhamisi. Gorogoro ni ileile ya Susu, unaweza kuigeuza ukague kitako. Nyongeza lakini imepungua, anti ana kiganja kidogo na roho ngumu, nimemwambia na nitazidi kumwambia, na wewe ukienda mwambie.