Matairi manne ya Harrier na barabara ya kwenda Lushoto

Desemba mwaka 2023, saa nane mchana, kati ya Segera na Korogwe, tairi la nyuma la kulia la gari letu lilibanduka kashata, yaani mpira wa juu wenye mifereji unaogusa barabara, tukiwa safarini. Ndani ya gari tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi, pamoja na mizigo ya sikukuu iliyojaa hadi kwenye kioo cha nyuma. Gari lilianza kutetemeka kidogo, nikadhani ni lami mbovu. Kisha nyuma kukasikika kishindo cha kujirudia, kama mtu anayepiga bodi kwa nyundo, na mkia wa gari ukaanza kuyumba. Nilishika usukani kwa mikono miwili bila kukanyaga breki, nikaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe, na tulipofika pembeni mama alikuwa bado anataja jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti ya chini.

Tairi lile nilikuwa nimelinunua la mtumba miezi sita kabla, kwa sababu kashata zake zilikuwa nene na bei yake ilikuwa nafuu. Nilipochuchumaa kulegeza nati niliona utepe mzima wa mpira wa juu umechomoka na waya zimetokeza, na pale ubavuni, ndani ya kiduara kidogo kinachofuata herufi DOT, niliona tarakimu nne: 3512. Wakati ule hazikuniambia kitu. Leo najua kwamba tarakimu mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, na kwamba ndivyo matairi yanavyoandikwa tangu mwaka 2000. Tairi lile lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2012, kwa hiyo siku lilipotubebea watoto wetu lilikuwa na umri wa miaka 11.

Naandika haya kwa ajili ya mzazi mwenzangu anayejiandaa kununua matairi ya gari la familia na ambaye, kama nilivyokuwa mimi, hupima tairi kwa kutazama unene wa kashata peke yake. Unene huo unaonyesha kiasi cha mpira kilichobaki juu, lakini hauonyeshi hali ya gundi na mpira unaoshikanisha tabaka za waya ndani, na huko ndiko umri unakofanya kazi yake. Joto, jua na hewa yenyewe huukausha mpira hata kama gari limeegeshwa tu, na gari linalolala nje Dar es Salaam hupigwa na jua mwaka mzima. Ukiingiza ukucha wa kidole gumba katikati ya kashata, au ukikunja kidogo sehemu ya ubavu, nyufa nyembamba kama nywele hujitokeza mapema kuliko mtu anavyotarajia. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likishatumika miaka mitano, na litolewe linapofikisha miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima.

Tuliporudi Dar nilikagua matairi mengine matatu. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba tarehe kamili huandikwa upande mmoja tu wa tairi, na fundi akilifunga kwa kugeuza, tarehe hiyo huishia upande wa ndani. Kwa tairi la mbele la kushoto nilisoma nikiwa nimesimama. Kwa mawili yaliyobaki nililazimika kulala chini ya gari na tochi ya simu, nikifuta vumbi kwa kitambaa kibichi hadi tarakimu zikaonekana. Mawili kati ya matatu yalikuwa yamepita miaka sita, na kila moja lilikuwa la kampuni yake. Niliamua kubadilisha yote manne kwa mkupuo. Uamuzi huo ulikuwa mzito kifedha, lakini gari letu huvuta kwa magurudumu yote manne, na magari ya namna hiyo huumia pale tairi moja linapokuwa kipara na jingine jipya, kwa kuwa vipenyo vyake havilingani na mfumo wa difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu, hulazimika kusawazisha tofauti hiyo safari nzima. Mwenye gari linalovuta kwa magurudumu mawili anaweza kununua mawili kwa wakati. Ila hayo mapya ayafunge nyuma, kwa sababu mkia ukiteleza kwenye lami yenye maji dereva wa kawaida hawezi kuurudisha.

Kabla ya kwenda dukani nilisoma kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa gari letu kimeandikwa 225/65R17, yaani upana wa milimita 225, ubavu wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Ninasisitiza kusoma kibandiko na si tairi lililofungwa, kwa kuwa aliyekuwa na gari kabla yako huenda alifunga alichokipata. Katika duka la kwanza saizi hiyo haikuwepo, na muuzaji akaniambia, "Chukua 225/60 kaka, ni kitu kile kile." Nilipiga hesabu pale pale kwenye simu. Tairi letu lina kipenyo cha milimita 724. Lile alilonipa lina 702. Hiyo ni asilimia tatu pungufu, maana yake spidomita ikisoma 100 gari linakwenda 97, na tumbo la gari linashuka kwa milimita 11, ambazo kwenye barabara za kwetu kijijini si haba. Nilimshukuru nikaondoka.

Baada ya saizi huja tarakimu na herufi ambazo wanunuzi wengi huziruka. Kwenye matairi niliyoyanunua ni 102H. Namba 102 maana yake tairi moja linabeba kilo 850, na H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Mwendo huo hatuufikii na hatupaswi kuufikia, lakini uzito ni suala letu la kila safari. Niliona matairi ya saizi ile ile yenye namba ya chini zaidi, na bei yake ilivutia. Kwa gari linalobeba watu wazima watatu, watoto wawili, gunia la mchele na ndoo za mafuta, namba ya uzito haipaswi kushuka chini ya ile gari lilitoka nayo kiwandani.

Hapo ndipo tulipofika kwenye swali lililotuchukua wiki nzima mimi na mke wangu, nalo ni aina ya tairi. Matairi ya magari ya namna hii huandikwa H/T kwa barabara za lami, A/T kwa mchanganyiko wa lami na vumbi, na M/T kwa tope zito. La tatu tuliliondoa mapema, kwa kuwa ni la kazi za porini. Lakini kati ya H/T na A/T tulivutana kweli. Mke wangu alitaka A/T na alikuwa na sababu nzuri: kutoka Mombo barabara hupanda milima ya Usambara kwa kona kali, kilomita kama 33 hadi Lushoto, na hiyo ni lami, ila kutoka hapo kwenda kwetu ni udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha huwa kama sabuni. Mwaka mmoja wa mvua za vuli gari liliteleza likaegemea ukingo wa upande wa mlima, na hakuna kati yetu aliyesahau siku ile.

Mimi nilianza kuhesabu safari zetu. Udongo ule tunaupita mara mbili kwa mwaka, kwenda na kurudi. Siku zilizobaki tuko kwenye lami ya Dar es Salaam, shule, kazi na hospitali, na masika yanapoingia lami hiyo hujaa maji, bodaboda hukatiza mbele na breki za ghafla ni jambo la kila asubuhi. Mifereji mipana kati ya kashata za A/T huacha mpira mchache zaidi unaogusa lami. Kwa kawaida tairi hilo ni zito kuliko H/T, hupiga kelele, hula mafuta zaidi, na kwenye lami yenye maji mengi ya aina hiyo huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Nilimwambia mke wangu kwamba udongo wa Lushoto tunaweza kuusubiri: tukikuta mvua, tunalala mjini kwa ndugu, na jua la siku moja linatosha kuukausha. Mtoto anayekatiza barabarani hasubiriki. Tukakubaliana H/T. Kama ningekuwa naishi Mlalo au Bumbuli na kushuka mjini mara moja kwa wiki, ningechagua A/T bila kusita.

Kuhusu mitumba nina msimamo mkali sasa, na si kwa sababu ya lile lililobanduka tu. Nilipokuwa nazunguka maduka ya Kariakoo nilionyeshwa seti nzuri kutoka Japani, kashata nene, mpira laini hata ukiubonyeza kwa kidole unasikia unavyotii. Ubavuni kulikuwa na neno STUDLESS na alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Hayo ni matairi ya majira ya baridi. Mpira wake umepikwa uwe laini penye theluji, kwa hiyo kwenye joto la Dar unalainika kupita kiasi, unakwisha haraka na gari linakuwa kama linaelea kwenye kona. Muuzaji alilisifia hilo hilo: "Mpira wa Mjapani huo, laini." Pengine naye hakujua. Mtu anayeona alama ile na ayaache matairi hayo palepale.

Kwenye matairi mapya niliangalia maneno matatu yanayoandikwa kwa ajili ya soko la Marekani: TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. La kwanza ni namba ya uimara dhidi ya kulika, na kwa kuwa kila kampuni hujipangia yenyewe, nililitumia kulinganisha matairi ya kampuni moja tu. La pili hupima ushikaji kwenye maji, kuanzia AA hadi C. La tatu, ambalo kwa nchi yetu naliona muhimu kuliko yote, hupima uwezo wa kuhimili joto, kuanzia A hadi C, na C ni kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria yao. Nilikataa matairi mapya ya bei rahisi yenye C, nikachukua yenye A kwa TRACTION na A kwa TEMPERATURE, ambayo hayakuwa ya bei ya juu dukani wala ya chini. Nilimwomba muuzaji ayatoe yote manne nje nisome tarehe. Matatu yalikuwa ya mwaka huo. La nne lilikuwa limekaa stoo miaka mitatu. Alilibadilisha bila ubishi, na ninaamini asingelibadilisha kama nisingeuliza.

Siku ya kufunga nilisimama karibu na fundi kwa heshima, bila kumwingilia, hadi alipofika kwenye upepo. Alisoma namba iliyoandikwa ubavuni akataka kujaza PSI 44. Namba ile ni kikomo ambacho tairi linaweza kustahimili. Upepo wa gari umeandikwa kwenye kibandiko cha mlango, na kwetu ni kPa 210, ambazo ni kama PSI 30. "Fundi," nilimwambia, "twende pamoja tukasome mlangoni." Alisoma, akatikisa kichwa, akajaza 30. Upepo mwingi hula katikati ya tairi, upepo mdogo hula mabega yake, na huu mdogo ndio wa hatari zaidi safarini, kwa kuwa ubavu unaojikunja na kujikunjua maelfu ya mara hujichemsha wenyewe. Matairi yetu ya mbele ya zamani yalikuwa yamelika bega la ndani tu, kwa hiyo nililipia alaimenti (kunyoosha magurudumu) na balansi (kusawazisha uzito wake) siku hiyo hiyo. Bila hivyo mapya yangefuata njia ya yale ya zamani. Valvu nazo tulibadilisha zote. La akiba, lile jembamba, tulilijaza PSI 60 kama lilivyoandikwa, na nimebandika karatasi juu yake kukumbusha kwamba likifungwa mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa.

Pasaka tulikwenda nyumbani. Nilipima upepo alfajiri kabla ya kuwasha gari, matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo changu mwenyewe ninachokihifadhi mlangoni. Mombo tulisimama kunywa chai kabla ya kupanda mlima. Nilizunguka gari nikaweka kiganja juu ya kila tairi, moja baada ya jingine. Yote manne yalikuwa na uvuguvugu ule ule. Mama alishusha kioo akaniuliza, "Mwanangu, yako salama?" Nikamjibu kwamba yako salama, akapandisha kioo, tukaanza kupanda kwenda Soni.