Chungwa la Treni za Ireland Lilivyonitoa Jasho

Napaka upya mabehewa ya treni ndogo za mfano yawe na rangi ya chungwa ya treni za zamani za Ireland, na nianze na lawama. Kwenye maonyesho ya treni hizo ndogo hapa Dublin, muuzaji mmoja wa vitu vilivyokwishatumika ndiye aliyeniambia kwamba rangi ya zamani kwenye behewa la plastiki inatoka kwa asetoni. "Hiyo hiyo wanawake wanayotolea rangi ya kucha," akasema huku ananihesabia chenji. Nikamwamini. Mtu ana mvi, ana meza imejaa vichwa vya treni, utambishia vipi?

Siku ya pili nikachukua chupa ya mke wangu, nikalowesha pamba, nikaanza kusugua. Mara ya kwanza ilienda vizuri, buluu inatoka, moyo unafurahi. Mara ya pili pamba ikanata. Nikaivuta, ikaja na nyuzi nyuzi, kama mlenda. Kuangalia, nguzo za madirisha zimelala ubavu. Nikalishika paa ili nilinusuru, na kidole gumba kikazama. Kikazama kweli, mpaka mistari ya ngozi ikajichora pale juu ya paa kama mtu aliyetia dole kwenye hati ya kiwanja. Plastiki ya mabehewa mengi haya ni polistirini, na polistirini na asetoni ni kama sukari na chai ya moto. Hilo nililijua usiku ule, behewa likiwa uji.

Mama Zuhura akapita jikoni, akanusa, akauliza: "Baba Zuhura, kucha zako zimekuwaje?"

Sasa nieleze nilifikaje huko. Mimi ni mtoto wa Tabora, nyumba za reli. Marehemu mzee alikuwa fundi wa reli, na treni ndiyo iliyokuwa saa yetu. Nilipofika Ireland mwaka 2004, Desemba, baridi ya kukata masikio, kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni treni iliyosimama kituo cha Heuston, Dublin: rangi ya chungwa, mkanda mweusi kwenye madirisha, na mistari miwili myembamba myeupe ikipita juu na chini ya ule mweusi. Wapenzi wa reli wa huku sare hiyo wanaiita Tippex, jina la ule wino mweupe wa kufutia makosa, kwa sababu ya ile mistari. Chungwa na nyeusi vilianza 1972 wakati wa CIÉ, shirika la usafiri la Ireland, mistari ikaongezwa kampuni yake ya reli, Iarnród Éireann, ilipoundwa 1987. Mwishoni mwa 2007 zikaanza kazi treni mpya za Korea, na chungwa langu likawa linapotea kituo baada ya kituo. Treni hizo ni za Rotem, hao hao waliotutengenezea za umeme za Dar hadi Dodoma, kwa hiyo sina ugomvi nao. Lakini nililia na lile chungwa.

Ndipo nikaanza kununua treni ndogo za mfano wake. Kichwa nilinunua kipya, cha dizeli, aina ya 071, kazi ya Murphy Models, watengenezaji wa treni za mfano. Vile vya kweli vilijengwa na General Motors Marekani, vikaletwa 18 mwaka 1976, na mpaka leo vinavuta mizigo. Bei siitaji hapa, mke wangu anasoma Kiswahili. Mabehewa ndiyo niliyosema nitayapaka mwenyewe, kwa kuwa CIÉ mwaka 1972 walinunua ya aina ya Mark 2 kutoka Uingereza, na ya Kiingereza ya buluu na kijivu yapo mengi kwenye meza za vitu vya zamani, euro kumi na kitu kila moja, ukibembeleza unapunguziwa.

Kuna watu watakukatisha tamaa kwa habari ya upana wa reli, na niliwasikiliza mwezi mzima bure. Reli ya Ireland ina upana wa milimita 1,600. Ukishusha kwa kipimo cha treni zangu, 1 kwa 76.2, unapata milimita 21, lakini njia inayouzwa madukani ni ya 16.5. Ati unatakiwa ujenge njia yako mwenyewe na kupanua kila mhimili! Wapo wanaofanya, na nawavulia kofia. Mimi nilipiga hesabu nyingine: 16.5 ukiikuza inakuja kama milimita 1,257, na reli tuliyokulia Tabora ni 1,000. Yaani treni yangu ya Ireland inatembea kwenye njia iliyo karibu zaidi na ya Tabora kuliko ya Dublin. Nikasema basi, imepata baraka za mzee, iache ilivyo.

Baada ya ule uji, aliyeniokoa ni mzee mmoja mstaafu aliyewahi kushika bomba la rangi kwenye karakana ya reli ya Inchicore, hapa Dublin. Alicheka mpaka akatoa miwani. Akaniambia nitumie spiriti ya isopropili, niliache behewa lilale humo usiku kucha, nisiguse. Shida ikawa chombo. Behewa lina sentimita 26 na ushee, bakuli gani litalimeza? Nikazunguka jikoni na rula, nikaona mtungi mrefu wa kioo ambao mke wangu anahifadhia tambi. Utadhani ulitengenezwa kwa kazi hiyo. Asubuhi nililitoa, nikasugua na mswaki wa zamani, glavu mkononi na dirisha wazi, rangi ikavuka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Mtungi ule sasa ni wangu, wa tambi nilinunua mwingine. Pima kwanza kwenye pembe ya ndani isiyoonekana, hata kwa spiriti, maana si kila plastiki ni moja.

Kufungua behewa, kutoa vioo, kupiga msasa, hayo mtu anayajua.

Chungwa lenyewe lilinisumbua kwa namna nyingine. Nilipiga praima, ile rangi ya kwanza ya chini, ya kijivu kizito kama nilivyoelekezwa dukani, juu yake chungwa, nikapata rangi ya matope ya masika. Nikaongeza koti, yakawa matope mazito. Chungwa haifuniki, inaonyesha kilicho chini yake. Nikamuuliza mzee wa Inchicore rangi kamili ilikuwa ipi. Akaniuliza, "Ya Jumatatu au ya Ijumaa?" Kisha akanieleza kwamba behewa lililotoka karakanani jana na lililokaa juani miaka mitano, likala vumbi la breki na moshi wa dizeli, yakifungwa pamoja hayafanani hata kwa ndugu. Tangu hapo kila behewa nalichanganyia rangi yake, tone la kahawia hapa, tone la njano kule, na treni yangu imependeza kuliko za wanaonunua kopo moja.

Praima ikawa nyeupe, na hapo ndipo akili ilipofunguka kuhusu ile mistari. Kila mtu alikuwa ananiambia nipake chungwa, nipake nyeusi, halafu nichore mistari myeupe juu yake kwa kalamu maalumu, au nibandike ya karatasi ya maji, ile stika inayoloweshwa ndipo ikabandikwa. Kalamu nilijaribu. Mkono wangu ni wa mtu anayeendesha basi saa nane kwa siku. Mstari ulitoka kama njia ya ng'ombe. Sasa sikia. Kama chini ni nyeupe tayari, kwa nini niipake tena juu?

Nilikata tepu ya mafundi rangi juu ya kioo, kwa wembe mpya na rula ya chuma, vipande vyembamba visivyofika milimita. Nikavilaza pale pale mistari inapotakiwa kuwa, juu ya weupe. Kwenye bawaba za milango nikakandamiza kwa kijiti cha meno. Halafu, na hapa usiruke, nikapuliza weupe kidogo tena juu ya kingo za tepu. Rangi ikitaka kupenya chini ya tepu, itakayopenya ni nyeupe kwenye nyeupe, na mlango umeshafungwa. Baada ya hapo chungwa kote. Likakauka. Nikafunika chungwa kwa tepu pana, kingo zake zikakaa juu ya zile nyembamba, nikapuliza nyeusi katikati.

Kuvua tepu nilisubiri watoto walale. Unaikunja ijirudie yenyewe, unaivuta pole pole, rangi ikiwa haijakomaa sana. Mstari wa kwanza ukatoka chini ya tepu umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Wa pili hivyo hivyo. Nilimwamsha Mama Zuhura aje aone. Akaangalia, akasema, "Vizuri. Kesho unaamka saa kumi."

Nikapaka manne namna hiyo, nikayapeleka kwenye maonyesho, yakafungwa nyuma ya 071. Nimewahi kwenda Malahide kuona treni za Cyril Fry, mhandisi wa Inchicore aliyejitengenezea reli nzima ya Ireland kwa mkono, na siku ile kwa dakika kama ishirini nilijiona mimi na yeye ni wa daraja moja. Mpaka mtoto wa miaka tisa hivi akaegemea kamba, akatazama treni yangu ikipita mara mbili, akauliza: "Samahani, behewa la jenereta liko wapi?"

Nikamwambia nini? Kichwa cha 071 hakina umeme wa kupeleka kwenye mabehewa. Treni za aina hiyo zilivuta behewa maalumu lenye jenereta, la kuwasha taa na joto. Nilikuwa nazungusha abiria gizani, kwenye baridi ya Ireland, mbele ya umma, na baba yake yule mtoto alikuwa anatabasamu tu.

Usiku ule ule nikashusha kutoka rafu ya juu lile behewa la asetoni, nililokuwa nimeliweka kama mtu anavyoweka jino lililong'olewa. Behewa la jenereta halihitaji madirisha mengi. Nguzo zilizolala nikazikata zote, nikaziba ubavu kwa karatasi ya plastiki na putii, nikachonga matundu ya kupitishia hewa, nikapaka chungwa, mkanda mweusi na mistari. Kwenye paa nilikusudia kufukia kile kidole kwa putii. Kisha nikaona matundu ya hewa ya juu yatakaa karibu pale pale, nikayagundisha.

Halikufunikwa lote. Taa ya dirishani ikipiga kwa ubavu unaona nusu ya dole, na Zuhura ndiye anayewaonyesha wageni.