Château Gaillard, Ufaransa

Jamani, kile kilima cha Les Andelys kinamtoa mtu jasho! Ila ukifika juu, mto Seine wote uko chini yako. Ngome hii Mfalme Richard wa Uingereza aliijenga 1196 hadi 1198, haraka ajabu kwa kazi ya mawe. Mimi nilinogewa na ukuta wa ndani: haukunyooka, umejaa migongo ya nusu duara iliyobanana, jiwe la adui likipiga liteleze pembeni. Mawe yenyewe ni ya chokaa, meupe. Pamoja na ujanja wote huo, Wafaransa waliitwaa Machi 1204. Kinachoniuma ni wale raia waliotolewa ngomeni, wazingiraji wakawazuia, wengi wakafa njaa hapo katikati, tena kwenye baridi. Amri ya kuibomoa ngome aliitoa Henri IV, mfalme wa Ufaransa, 1599.