Kosa Likirudiwa Palepale

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana watu wanne katika chumba cha rafiki yangu mtaani Umoja, Nairobi, kusikiliza dethi metali, ule muziki wa roki mzito wenye magitaa makali na sauti za kunguruma, na karibu kila mara kikao hicho huishia katika ubishi uleule: ni albamu ipi iliyo ngumu kuliko zote kuipiga? Mwenyeji wetu, ambaye mwenyewe ni mpiga gitaa, hana shaka hata chembe. Kwake ugumu ni kasi, na kasi huhesabika. Husimamisha wimbo katikati, akaurudisha nyuma sekunde tano, kisha akatuhesabia noti kwa vidole kama mwenye duka anayehakikisha chenji. Mimi nimekuwa upande wa pili kwa miaka kadhaa sasa, na kwa kuwa pale chumbani sauti yangu humezwa na spika, nimeona afadhali niandike.

Nadhani tatizo limo katika jina lenyewe. Tunaposema dethi metali ya kiufundi, kama liitwavyo tawi la muziki huu lililo gumu kupiga, neno ufundi hutupeleka moja kwa moja kwenye vidole vya mpigaji, ilhali fundi seremala hasifiwi kwa wepesi wa kupiga nyundo; husifiwa kwa mlango unaofunga. Na muziki huu haukuanza kama mashindano ya mbio. Kundi la Death la Florida, lililoongozwa na Chuck Schuldiner, lilikuwa tayari na kasi ya kutosha katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 1987. Kilichokuwa kipya katika Human, ya mwaka 1991, kilikuwa mpangilio: Schuldiner aliwaingiza Paul Masvidal na Sean Reinert, vijana wawili wa kundi la Cynic, pamoja na Steve Di Giorgio kwenye besi, na ghafla mapigo yakawa yanabadilika katikati ya wimbo pasipo msikilizaji kujua mshono uko wapi.

Mwaka huohuo Atheist, nao wa Florida, walitoa Unquestionable Presence, na hapa siwezi kupita haraka. Mpiga besi wao, Roger Patterson, alifariki katika ajali ya barabarani Februari 1991, wakati sehemu kubwa ya nyimbo zilikuwa zimekwisha kutungwa. Aliyeingia studio ya Morrisound, jijini Tampa, kuipiga besi hiyo ni Tony Choy. Ukiisikiliza kwa visikilizi vizuri utaona kwamba besi haiburuzwi nyuma ya gitaa kama ilivyo katika albamu nyingi za wakati ule. Gitaa linasema, besi inajibu, mara nyingine inakatiza kabla gitaa halijamaliza, na kila mmoja anabaki na njia yake. Nimewahi kumpa mtu asiyependa kabisa muziki wa kelele asikilize besi peke yake, nikamwomba asahau sauti ya mwimbaji. Alinirudishia visikilizi baada ya nyimbo tatu, na hiyo kwa mtu kama yeye ni sifa kubwa.

Mwenyeji wetu hutaja Necrophagist, kundi la Ujerumani, na haki yake nampa. Kiongozi wake, Muhammed Suiçmez, Mjerumani mwenye asili ya Kituruki, alitengeneza Onset of Putrefaction ya mwaka 1999 karibu peke yake: gitaa, besi, sauti, na ngoma zilizopangwa kwa mashine. Epitaph ilifuata mwaka 2004, safari hii kukiwa na kundi kamili. Humo kucha ya kupigia, kile kipande kidogo cha plastiki, inakwangua nyuzi zote kwa mkupuo mmoja, kila noti inasikika peke yake, safi kama punje za mchele uliochambuliwa. Inavutia kweli. Shida yangu ni vizazi vya waigaji waliokuja baadaye, ambao walichukua mkupuo wakaacha utunzi, kiasi kwamba leo unaweza kusikiliza albamu nzima ya dakika arobaini na usikumbuke hata kipande kimoja unapoosha vyombo.

Upande wangu una jina moja: Obscura, albamu ya Gorguts ya mwaka 1998. Kundi hili linatoka Quebec, nchini Kanada, na lilikuwa limeanza kama makundi mengine ya wakati wake. Albamu yao ya kwanza, Considered Dead ya mwaka 1991, ilirekodiwa kulekule Morrisound. Baada ya albamu ya pili, ya mwaka 1993, walipoteza kampuni ya kurekodi, na nyimbo ambazo zingekuja kuwa Obscura zilikaa miaka kadhaa bila mtu wa kuzitoa. Nadhani ukiwa huna kampuni ya kumridhisha, huna pia sababu ya kufanana na wenzako. Luc Lemay na Steeve Hurdle waliyafanya magitaa yao yapige milio ambayo mwalimu yeyote wa gitaa angekukataza: noti mbili zilizobanana zinazogombana badala ya kupatana, kucha ya kupigia ikiburuzwa juu ya waya, vidole vikigonga shingo ya gitaa, milio ya juu inayopiga kelele kama bawaba kavu. Wimbo mmoja unaenda polepole kwa zaidi ya dakika tisa, na kwangu ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu huko hakuna kasi ya kumficha mtu. Albamu nzima huchukua takriban saa moja. Mara ya kwanza nilidhani faili niliyopewa imeharibika.

Aliyenifungua masikio hakuwa mshabiki wa metali. Nilikuwa nimekwenda Mombasa kwa ami yangu, aliyepiga fidla katika taarabu maisha yake yote, na nilikuwa nimeketi barazani na simu, nikidhani sauti haimfikii. Alitoka ndani, nikamwamkia, akaitikia, kisha akaketi na kunyamaza kitambo.

"Huyo gitaa lake limekwenda tenge," alisema.

Nikamwambia kwamba hapana, ami, ndivyo wanavyokusudia.

"Basi rudisha nyuma."

Nikarudisha. Akainamisha kichwa, akasikiliza kile kipande, na kilipojirudia kwa mara ya pili ndani ya wimbo akainua kidole. "Umesikia? Amekosea palepale, vilevile, na mwenzake naye amekosea pamoja naye. Kosa likirudiwa palepale, mwanangu, hilo si kosa tena. Hao wamefanya mazoezi."

Kisha aliingia ndani akatoka na fidla, akaanza kuzitafuta zile noti mbili kwenye nyuzi mbili za chini. Ilimchukua muda. Alipozipata alizishikilia kwa uta mrefu, na ule mgongano ukawa unatetemeka ndani ya ubao wa fidla hadi kwenye kidevu chake. Akakunja uso kama mtu aliyeuma limau, akacheka, akauliza kama watu hao wana chombo cha nyuzi miongoni mwao. Sikuwa na jibu siku ile. Baadaye nilijifunza kwamba Lemay alisomea utunzi wa muziki na kupiga viola, na kwamba katika Colored Sands, albamu ya mwaka 2013 iliyohusu Tibet, aliweka kipande kizima cha vyombo vya nyuzi, bila gitaa wala ngoma, kuhusu vita vya Chamdo vya mwaka 1950. Miaka ambayo Gorguts walikuwa kimya alijishughulisha na useremala, jambo ambalo nakiri linanifurahisha kuliko inavyostahili. Kazi yao iliyofuata, ya mwaka 2016, ni wimbo mmoja wa dakika 33 kuhusu Bayt al-Hikma, ile Nyumba ya Hekima ya Baghdad. Nilipomsimulia ami kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza wanaimba kwa lugha gani, nikamjibu kwamba kwa Kiingereza, lakini maneno hayatamfikia.

Hoja hii nimeipeleka Umoja zaidi ya mara moja. Mwenyeji wetu hukubali kwamba Obscura ni ya kipekee, ila hushikilia kwamba yeye angeweza kuipiga baada ya wiki mbili, ilhali Epitaph imemshinda kwa miaka sita. Mwezi uliopita nilimkumbusha kwamba lile kundi la Kijerumani linaloitwa Obscura lilichukua jina lake kutoka albamu ya Gorguts, na kwamba wawili kati ya waliopiga katika Epitaph, Christian Münzner kwenye gitaa na Hannes Grossmann kwenye ngoma, walikuja kupiga katika kundi hilohilo. Alikuwa anajua. Alisema hiyo haithibitishi chochote, akaongeza sauti, na mwezi huu ni zamu yangu kuchagua, kwa hiyo nimemwambia atenge zile wiki mbili na aanze na wimbo wa polepole.