Rangi imepotea, oksijeni bado imo

Vijidudu vinavyotengeneza metani si bakteria. Ni arkea, kundi ambalo Carl Woese na George Fox walilitenga mwaka 1977. Kuviotesha ni vita na hewa tangu mwanzo hadi mwisho, na mbinu zinazotumika hadi leo zinatokana na kazi ya Robert Hungate, aliyechunguza tumbo la ng'ombe.

Kwa lita 1 ya mchuzi wa kuoteshea, tia rezazurini (rangi inayoonyesha kama oksijeni ipo) miligramu 1, chemsha, kisha poza huku mchanganyiko wa naitrojeni na kaboni dioksaidi (80 kwa 20) ukibubujika ndani. Ukishapoa, ongeza baikaboneti na gramu 0.5 za sisteini, inayosaidia kuondoa oksijeni. Gawa mililita 50 kwenye kila chupa ya mililita 120, ziba kwa kizibo kinene cha mpira wa butili, bana kwa kifuniko cha alumini, kisha ua vijidudu kwa mvuke ndani ya otoklevu, nyuzi 121, dakika 20. Mpira wa kawaida usiutumie hata kwa dharura: unapitisha oksijeni polepole, na chupa huharibika wiki ya pili bila kosa kuonekana.

Sodiamu salfaidi, ya kumalizia oksijeni iliyobaki, hutengenezwa kando, chini ya naitrojeni, na kuingizwa mwisho. Fuwele zake zikikaa hupata ukoko mweupe, na ukoko huo ni salfaidi iliyokwisha kuoza kwa hewa. Suuza fuwele haraka kwa maji, kausha kwa karatasi, ndipo upime; anayepima na ukoko wake anapima takataka. Gramu 0.5 kwa lita zinatosha.

Hapa ndipo wengi huponzwa. Rezazurini huanza na buluu, huwa waridi, kisha hupotea. Lakini hupotea kwenye takriban milivolti -110 (kadiri namba inavyoshuka, ndivyo mchuzi unavyokuwa mbali na oksijeni), na vijidudu hivi vinataka chini ya -300. Kwa hiyo mchuzi usio na rangi si lazima uwe tayari. Baada ya salfaidi uache ulale usiku mzima. Ukiona utepe mwembamba wa waridi juu ya mchuzi, chupa inavuja. Itupe.

Bomba la sindano nalo hubeba hewa kwenye shingo yake. Livute na kulisukuma mara tatu kwa naitrojeni safi kabla ya kugusa mbegu (vijidudu vya kupandikiza), na usiliache limejaa mezani, maana plastiki pia inapitisha oksijeni.

Sasa gesi. Chupa yenye mchuzi wa mililita 50 ina nafasi ya mililita 70 juu. Ukiijaza haidrojeni na kaboni dioksaidi (80 kwa 20) hadi baa 2 kamili (ukihesabu kuanzia ombwe, si juu ya hewa ya kawaida), una mililita 112 za haidrojeni na 28 za kaboni dioksaidi. Ujazo 4 wa haidrojeni na 1 wa kaboni dioksaidi hutoa ujazo 1 tu wa metani, kilichobaki huwa maji. Kila kitu kikiliwa unabaki na mililita 28 katika nafasi ya 70, yaani karibu baa 0.4. Chomeka sindano hapo na chupa itafyonza hewa ya chumba kwa pupa. Rudisha mgandamizo kwanza kwa naitrojeni, na uandike ujazo ulioongeza.

Hesabu hiyohiyo inaumbua wanaoripoti asilimia peke yake. Nusu ya gesi ikiliwa, metani ni mililita 14 kati ya 84, sawa na asilimia 17. Ikiliwa asilimia 90, metani ni 25.2 kati ya 39.2, yaani asilimia 64. Metani haijafika hata mara mbili, lakini asilimia imekaribia mara nne! Pima mgandamizo kila unapochukua sampuli.

Mgandamizo ukishuka na metani isionekane, kuna mwizi: bakteria wanaogeuza haidrojeni kuwa asidi ya asetiki. Vankomaisini huua wengi wao, wenye ukuta wa Gramu chanya, yaani ukuta mnene wa peptidoglikani. Arkea hawana ukuta wa aina hiyo. Chini ya hadubini yenye mwanga wa nanomita 420, wengi wa wanaotengeneza metani hung'aa buluu-kijani kwa sababu ya kimeng'enya-saidizi F420, ingawa Methanothrix, jenasi mojawapo kati yao, hung'aa hafifu mno.

Na kama mbegu ni tope kutoka kwenye mtambo wa biogesi, weka chupa nyingine yenye mbegu ileile bila haidrojeni. Tope hilo huja na chakula chake, na metani yake lazima itolewe kwenye hesabu.