Siku Moja Maishani Mwangu: Jumamosi na Mashine Inayonizidi Umri

Saa 12:30 asubuhi. Karakana yangu ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, na katikati yake imekaa mashine ya kukerezea chuma iliyotengenezwa kabla sijazaliwa. Wengi wanaoiona huniuliza ni lini nitaipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Naandika siku hii ili nao waone kile ninachokiona mimi: mashine nzima yenye ugonjwa mmoja unaotibika. Kabla ya kuwasha chochote ninavua pete na saa, ninakunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, wala sivai glavu, kwa sababu chuma kinachozunguka mara mia tano kwa dakika kikinasa uzi mmoja wa glavu huvuta mkono mzima. Kisha natia oili, tundu baada ya tundu.

Saa 1:00. Ugonjwa wenyewe uko kwenye kitelezi cha kukingama, yaani ile sehemu inayosogeza kisu kuelekea kwenye kitu kinachokerezwa na kukirudisha nyuma. Gurudumu lake la mkono lina mistari 100, na kila mstari ni sehemu moja ya elfu ya inchi, kwani mashine hii ni ya zama za inchi. Nikilizungusha mbele kisha nikaligeuza kurudi nyuma, mistari 38 inapita kabla kisu hakijatikisika. Hiyo ni karibu milimita 1 ya kuzunguka bure. Kilicholika ni nati iliyofichwa ndani, ambayo hutengenezwa kwa bronzi, shaba iliyochanganywa na bati, laini kuliko skrubu ya chuma inayopita ndani yake, ili ilike yenyewe na skrubu isalimike.

Saa 2:00 hadi saa 4:30. Nati mpya naitengeneza kwa mashine hiyo hiyo iliyo mgonjwa, na sina budi kuimaliza kabla ya kuifungua mashine, maana nikishaitoa nati ya zamani sitakuwa na mashine ya kukerezea nyingine. Mlegeo, yaani huko kuzunguka bure, hauzuii kazi sahihi mradi kisu kikaribishwe kila mara kutoka upande mmoja: ukipitiliza kipimo, unarudi nyuma mzunguko mzima, kisha unakuja tena mbele polepole. Kwa utaratibu huo nimekereza kipande cha bronzi, nikatoboa tundu la milimita 7 katikati, kisha nikaanza kukata hesi, yaani ile mifereji ya kuzunguka ambamo skrubu hupita.

Hesi hizi ni za kushoto, ili anayezungusha gurudumu kwa mwelekeo wa saa aone kisu kikisonga mbele kuelekea kazi. Tapu, yaani vyuma vyenye meno vya kuzikatia, moja ya kuanzia na nyingine ya kumalizia, nilizitengeneza wiki iliyopita kwa mashine hii hii. Skrubu ndefu ya mashine, inayokisogeza kisu wakati wa kukata hesi, ina hesi 8 kwa inchi, nami nilihitaji 10, kwa hiyo gia ya meno 40 iliendesha gia ya meno 50. Baada ya hapo nilizichoma tapu hizo kwa moto hadi sumaku ikaacha kuzishika, nikazizamisha kwenye mafuta, kisha nikazipasha taratibu hadi zikapata rangi ya majani makavu, ili ziwe ngumu bila kukatika kama kioo. Leo zinaingia kwenye bronzi kwa nguvu ya mkono tu: nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili kuvunja machicha, yaani mabaki yanayokatwa, oili kidogo, halafu tena. Mkono wangu, uliozoea kufunga kuelekea kulia, ulitaka kukosea kila mawazo yalipotangatanga. Tapu ya pili ilipotoka, hesi zilikuwa safi, na ziling'aa nilipozimulika kwa tochi.

Saa 5:00 nilianza kufungua mashine, nikiamini kwamba sehemu ngumu imepita.

Gurudumu la mkono limefungwa kwenye skrubu kwa pini moja yenye unene usiolingana. Kwa kila inchi 48 za urefu, pini ya aina hii hupungua unene kwa inchi 1. Kwenye pini yangu yenye urefu wa milimita 24, tofauti ya ncha zake mbili ni nusu milimita tu. Hutoka kwa kugongwa upande mwembamba, na kila nyundo inayopiga upande mnene huizamisha zaidi. Aliyeifungua mashine hii kabla yangu hakupima. Alipiga upande mnene, tena kwa nguvu, hadi kichwa cha pini kikatandaa kama uyoga, kutu ikaja ikafunika yote, na ncha zote mbili zikafanana.

Nilipiga tupa na msasa pande zote mbili, nikapima kwa kalipa: milimita 4.8 huku, 4.3 kule. Nikaweka gogo zito la chuma chini ya kola, yaani shingo ya gurudumu inayopitiwa na pini, ili pigo lisipinde skrubu, nikagonga. Haikusogea. Nikatia mafuta ya kulainisha kutu, nikasubiri nusu saa, nikagonga. Nikaipasha kola moto ili itanuke kabla ya pini, nikagonga tena. Jirani alichungulia mlangoni akasema, "Jirani, tangu asubuhi pini moja tu? Si uikate hiyo skrubu ununue nyingine?" Nilimjibu kwamba skrubu hiyo haitengenezwi tena, na kwamba nikiipinda leo nitakuwa nimeiua mashine kwa mkono wangu mwenyewe. Alibaki akitazama kimya kwa muda, na nilishukuru kwa ukimya huo.

Sijui vizuri saa ngapi ilikuwa nilipoamua kuacha nyundo; mabega yalikuwa yanauma na kivuli cha dirisha kilikwisha kuhamia ukuta wa pili. Nilitia alama katikati ya ule upande mnene, nikatoboa kwa kekee ya milimita 4.5, kina cha milimita 3 tu, hadi ule uyoga ukabaki ukingo mwembamba usioshikilia kitu. Nikarudi upande mwembamba, nikaweka panchi, kile chuma chembamba cha kusukumia pini, nikapiga pigo moja. Sauti ilibadilika. Anayefanya kazi hii anaijua sauti hiyo: mlio mkali wa kitu kigumu hugeuka kuwa mlio mzito, na panchi huzama kidogo. Pini ilidondoka sakafuni, nami nikaketi kwenye kigoda bila kusema neno.

Kuosha skrubu, kunyoosha tundu la pini kwa rima, kufunga nati mpya na kutia pini mpya kulikwenda haraka, ingawa taa ilikwisha kuwashwa. Nikafunga chuma kwenye kikamatio, ile sehemu inayoshika kazi na kuizungusha, nikatoa ufunguo wake mara moja, nikakereza kipande cha majaribio cha urefu wa milimita 100. Maikromita ilionyesha tofauti ya milimita 0.01 kati ya ncha moja na nyingine. Nikashika gurudumu, nikazungusha mbele, nikageuza nyuma, nikahesabu kwa sauti. Mistari 4. Nikahesabu mara ya pili, kisha nikachukua brashi nikaanza kufagia machicha.