Namna Nilivyozifikisha Shuleni Kompyuta Zilizotumika Zikiwa Tayari kwa Kazi

Ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilipoamua kubadilisha kompyuta zake, sababu haikuwa ubovu. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 ingekoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na kichakata cha miaka ya karibuni, masharti ambayo mashine zetu nyingi hazikuyatimiza ingawa zilikuwa bado zinawaka kila asubuhi na kufanya kazi vizuri. Niliomba kibali cha kuzipeleka katika shule zisizo na kompyuta, nikakipata kwa sharti moja, kwamba taarifa za ofisi zisitoke nazo. Nami nikajiwekea sharti la pili, kwamba shule isipokee chombo chochote ambacho mwalimu angelazimika kutafuta fundi kabla ya kukitumia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mtu anayepeleka mashine mbovu shuleni huhamisha taka hizo tu, tena huziweka mikononi mwa watu wasio na uwezo wa kuziondoa.

Kwa hiyo nilianza na shule, kompyuta zikafuata. Mwomba chumvi huombea chungu chake, na hakuna anayekijua chungu hicho kumzidi mwalimu mkuu. Nilimwandikia kila mmoja barua yenye maswali yaleyale: umeme unatoka wapi na unakatika mara ngapi, chumba kina soketi ngapi, mlango unafungika, paa halivuji, kuna intaneti au hakuna, na ni walimu gani watakaosimamia somo la TEHAMA. Majibu yao ndiyo yaliyoamua nani apewe nini. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake inaweza kutumia wati mia moja au zaidi, ilhali kompyuta mpakato nyingi hutosheka na wati thelathini hadi sitini, na betri yake huendelea kuishikilia kazi ya mwanafunzi umeme unapokatika. Shule iliyotegemea sola niliitengea kompyuta mpakato peke yake. Shule iliyokuwa na umeme wa uhakika ilipata za mezani, ambazo ni rahisi kutengenezwa na ni vigumu kuibwa.

Katika kuchambua nilikuwa mkali, na ningemshauri yeyote awe mkali vivyo hivyo. Niliikataa kila skrini nene ya zamani, kwa sababu kioo chake kina madini ya risasi yenye sumu na skrini yenyewe hula umeme mwingi. Printa niliziacha kwa kuwa gharama ya wino ingeiangukia shule. Betri yoyote iliyovimba ilitolewa mara moja na kupelekwa kwa wanaozishughulikia, maana betri ya lithiamu katika hali hiyo inaweza kushika moto. Kila diski niliikagua kwa programu inayosoma kumbukumbu zake za afya, na ile iliyokwisha kuanza kuhamisha data kutoka sehemu zilizoharibika haikusafiri. Baada ya hapo nilizipanga mashine kwa aina, ili kila shule ipate za aina moja kadiri ilivyowezekana. Jambo hili watoaji wengi hulipuuza, nami naliona kuwa lenye thamani kuliko wingi: chaja moja huifaa kila mashine, kibodi ya iliyokufa huponya iliyo hai, na mwalimu akijifunza kuifungua moja amejifunza kuzifungua zote.

Kikwazo kilichohitaji uvumilivu kilikuwa kufuli zisizoonekana kwa macho. Baadhi ya kompyuta mpakato zilikuwa zimesajiliwa katika mfumo wa ofisi wa kusimamia vifaa, na mashine ya namna hiyo, hata ikipangwa upya, inapounganishwa na intaneti inaweza kudai akaunti ya mwajiri wa zamani. Vishikwambi navyo hufungwa kwa akaunti ya aliyevitumia, na asipojiondoa mwenyewe, mpokeaji hawezi kupita ukurasa wa kwanza. Niliketi na kitengo cha teknolojia tukaviondoa vifaa hivyo kwenye usajili kimoja baada ya kingine, tukafuta na manenosiri ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, wakati wenye kuyajua walikuwa bado wapo kazini.

Kufuta data nilikupa uzito kuliko hatua nyingine yoyote, kwa kuwa hofu ya kuvuja kwa siri ndiyo inayozifanya ofisi nyingi zifungie kompyuta stoo hadi zioze. Kufomati kwa haraka hakutoshi. Kunaondoa orodha ya mafaili, lakini mafaili yenyewe hubaki hadi data nyingine iandikwe juu yake. Nilifuata mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unaojulikana kama SP 800-88. Kwa diski za sumaku zinazozunguka, programu iliandika sifuri juu ya diski nzima, kisha ikahakikisha matokeo. Diski za SSD, zinazohifadhi data kwenye chipu bila kuzunguka, hazitendewi hivyo, kwa sababu kidhibiti chake husambaza data katika seli mbalimbali na programu ya kawaida haiwezi kuzifikia zote. Kwa hizo nilitumia amri ya kufuta iliyomo ndani ya diski yenyewe. Diski iliyokataa kufutika ilitobolewa kwa keekee. Kwa kila mashine niliandika namba yake ya utambulisho, njia iliyotumika, tarehe na saini ya shahidi, na karatasi hizo ndizo zilizoituliza menejimenti hata ikaniongezea mashine nyingine. Nilikagua pia vijisanduku vya CD, matundu ya kadi za kumbukumbu na upande wa chini wa kibodi, mahali ambapo watu hubandika manenosiri yao.

Matengenezo yalikuwa ya kawaida. Nilipuliza vumbi, nikabadilisha dawa ya kupozea kichakata, nikaweka betri mpya ya CR2032 katika ubao mama ili saa isirudi nyuma kila umeme unapokatika, na katika za mezani zenye swichi ya volti nilihakikisha imewekwa kwenye kiwango kinachotumika shuleni. RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta hutumia inapofanya kazi, niliiongeza hadi GB 8 kwa kuchukua kutoka mashine zilizokataliwa. Pesa kidogo nilizochangiwa nilizimalizia kwenye SSD, kwani kuiondoa diski inayozunguka na kuweka SSD huibadilisha kompyuta ya zamani kuliko marekebisho mengine yote.

Kuacha Windows 10 humo kungekuwa kuwapa wanafunzi mfumo unaozidi kupoteza ulinzi. Nilisakinisha mfumo endeshi wa Linux Mint wenye mazingira mepesi ya Xfce, ambao haudai leseni ya kununuliwa, pamoja na LibreOffice kwa uandishi na hesabu, na GCompris, yenye michezo ya kujifunzia, kwa watoto wadogo. Niliitayarisha mashine moja kikamilifu, nikainakili kwenda nyingine kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, hivyo zote zikafanana hadi mpangilio wa ikoni. Kwa shule isiyo na intaneti, kompyuta moja ilifanywa seva na kuunganishwa na ruta ya Wi-Fi. Ndani yake niliweka programu mbili zinazofanya kazi bila intaneti: Kolibri yenye masomo na mazoezi, na Kiwix yenye Wikipedia, ya Kiswahili ikiwemo. Darasa zima husoma kutoka humo bila kifurushi cha data.

Makabidhiano niliyafanya kwa maandishi, yakiwa na orodha ya vifaa na majina ya walimu wasiopungua wawili wa kila shule niliowafundisha, maana mwalimu mmoja akihamishwa huondoka na ujuzi wote. Mafunzo hayakuhusu kuchapa barua. Tulifungua mashine, tukatoa RAM na kuirudisha, tukasakinisha mfumo upya kutoka kwenye flashi, hadi walimu wakaweza kuifanya kazi hiyo mimi nikiwa nimekaa pembeni. Kila shule iliachiwa flashi hiyo na mashine moja ya ziada ya aina ileile kwa ajili ya vipuri.

Katika barua ya makabidhiano kuna kifungu nilichosisitiza kiwemo, kinachosema kwamba kifaa kikifa kisichomwe wala kisitupwe shimoni, bali kihifadhiwe kwa ajili yangu. Kila mwisho wa muhula mwalimu hunitumia orodha ya vilivyokufa, nami ninapopeleka vipuri hurudi navyo na kuvikabidhi kwa mrejelezaji mwenye kibali, pamoja na betri zake.